Marejesho

Saa kumi na mbili na dakika ishirini.
Khiem anatoka saa moja kasorobo, zamu ya usiku,
kiwanda cha meli cha Pascagoula,
na mimi sijasema naye tangu Jumatatu
isipokuwa "sogea" na "mlango".

Kwenye sinki kuna ndoo.
Ameileta Loc, mdogo wake,
akaitua kibarazani, akapiga honi mara mbili,
akatokomea kabla sijapata kandambili ya pili.
Dola mia sita tulimkopesha.
Hapana, niseme sawasawa: alimkopesha,
mimi nikaambiwa na karatasi ya benki.
Basi haya ndiyo marejesho:
kamba ratili nane, barafu ikiwayeyukia,
masharubu yamenasana kama nywele za mtoto aliyelala vibaya.

Kuna kamba wa kula na kuna kamba ya kuvutia mtu.
Loc hatofautishi. Hutupa huyu, huku ameshika ile.

Namenya. Kichwa, ganda, uzi mweusi wa mgongoni.
Nahesabu bila kutaka:
kwa deni lile, kila mmoja hapa ni dola tatu.
Dola tatu. Dola tatu. Huyu mdogo, tuseme mbili.

Khiem anaingia na buti mkononi.
Haulizi. Anachukua kisu,
anaponda vitunguu saumu kwa ubapa wake
kwa nguvu kuliko walivyokosa.
Mwiko wa mti ni mmoja, tunapokezana.
Mwiko wa pili, wa kutolitaja jina la Loc,
hakuna aliyeushika, na wote tunaukwepa.

Sukari kwenye mafuta haitaki mtu mwenye mawazo.
Inakuwa asali, inakuwa chai ya rangi,
inakuwa kiatu kipya cha kahawia,
na ukipepesa macho hapo, ni makaa.
Sikupepesa. Namwaga kamba,
na kikaango kinazuka kelele
kama darasa mwalimu akitoka nje.

Wanajikunja, kijivu kinawatoka, wekundu unaingia.
Aliyejikunja nusu ameiva;
aliyekutanisha kichwa na mkia, amepitiliza.
Khiem anageukia wali. Natia maji ya samaki, vijiko viwili.
Nageukia pilipili manga. Sijui afanyalo nyuma yangu.
Majani ya kitunguu. Zima moto. Dakika kumi na mbili.

Nhien, miaka minane, anaonja wa kwanza.
Anakunywa maji.
Anaonja wa pili. Anakunywa maji yote.
"Mama," anasema kwa adabu, "hawa bado wamo baharini?"

Naonja. Ulimi unajikunja kama wao.
Namtazama Khiem, naye ananitazama,
macho ya watu wawili waliokutwa dirishani.
"Nilitia vijiko viwili," anasema.
"Na mimi viwili."
Ndiyo sentensi zetu za kwanza tangu Jumatatu,
na zote ni za chumvi.

Nhien ndiye anayeanza kucheka, mchele puani,
kisha Khiem, akijifuta kwa mkono wenye shombo.
Mimi nilijizuia. Nilijizuia mpaka kwenye jiko,
nikawapa mgongo, mabega yakanisaliti.

Rudisha kikaangoni. Kopo la maji ya dafu,
ndimu nusu, sukari tena kidogo,
acha vichemke mpaka mchuzi ushike mwiko.
Sasa utamu unatangulia, chumvi inafuata nyuma,
na pilipili inakuja mwisho, kama mgeni asiyealikwa
ambaye ungeudhika asingekuja.

Tumekula kama hamsini. Dola mia na hamsini.
Zilizobaki ziko kwenye friza, zimefungwa mifuko minne.
Sijamsamehe Loc. Sijamsamehe Khiem yote,
lakini bakuli lake la kazini nimelijaza mwenyewe
na ukoko wa wali juu, anavyoupenda.

Anavaa buti, anasimama kizingitini.
"Kesho nitaongea naye," anasema.
Nje, taa za kasino zinawaka upande wa ufuo,
na joto la Biloxi linaingia bila kubisha.
"Mlango," nasema.
Naye anaufunga polepole,
kama mtu aliyeambiwa jambo jingine.