Daftari la Maji

Kipimajoto kilikuwa cha maabara ya shule,
kimeazimwa, hakijarudi mpaka leo,
maana kilivunjika Julai ile ya upepo
na zebaki ikatawanyika juu ya jiwe
kama shanga za mtu asiyejua kutunga.

Mwalimu Somoe Nampunju hakusema kitu.
Alikunja mkono wa gauni, akazamisha kisugudi ziwani
kama mama anayeonja maji ya kumwogesha kichanga,
akaniambia: andika, ishirini na tatu.
Nikaandika. Nilikuwa darasa la sita,
kazi yangu kalamu, na kufukuza mbu.

Usilicheke ziwa letu hapa Rutamba kwa kuwa halina barafu.
Lina ghorofa.
Novemba, korosho zikiwa mnadani,
juu ni chai iliyosahauliwa mezani.
Shuka urefu wa mtu mmoja na nusu:
utakuta sebule isiyo na taa,
na mtu asiyekujua anakushika muundi.

Hilo tulilipima kwa chupa ya soda,
kizibo cha gunzi, kamba mbili, jiwe moja.
Kamba ya kwanza inashusha, ya pili inang'oa kizibo,
chupa inakunywa huko chini, inaguna,
tunaivuta mbiombio
kabla baridi haijasahau ilikotoka.

Julai hakuna ghorofa.
Kusi inapanda kutoka Lindi mjini, inalikoroga ziwa kama uji,
watoto wanatoka na midomo ya zambarau
wakiapa kwamba hawatetemeki.
Dakika kumi, anasema Mwalimu, kisha juani.
Hata wewe. Hasa wewe.

Safu tatu: mwezi, juu, chini.
Ya nne haikuwa na kichwa:
*Viboko wamehamia matete ya mashariki.*
*Binti wa Chinguile kavuka bila kupumzika. Asirudie.*
*Leo hakuna kuoga. Sababu siijui, rangi tu.*

Ndiyo maana siku Shaibu Likwata alipotoka mnadani
na noti mfukoni na uraka tumboni,
akatangaza kwamba yeye na maji ni ndugu,
hakuna aliyerukia nyuma yake.
Alipiga mbizi joto likimsifu mgongoni,
kisha ghorofa ya chini ikamkaza mguu.
Tuliona mkono. Tukaona mkono.
Tukaona duara.

"Usimfuate! Mtupie!"

Dumu lilikwisha kutoka kwenye mti wake,
dumu la njano la mafuta ya kula, tupu, kizibo kimekazwa,
kamba ya katani mita ishirini.
Shaibu akalikumbatia kama mdaiwa anavyokumbatia dini.
Akatoka, akatapika, akadai aliteleza.

Nilimuuliza Mwalimu mara moja tu kwa nini anapima.
Akanifungulia ukurasa wa kwanza,
ule wa kabla ya safu:

Mwanahawa. Darasa la tatu. Jumanne.
Juu, sijui. Chini, sijui.
*Baba yake ameniuliza maji yalikuwaje,
na mimi ndiye mwalimu wa sayansi.*

Amestaafu sasa, yuko Nachingwea kwa mwanawe.
Hupiga simu, na kabla ya salamu:
ngapi leo?
Kisugudi changu kimejifunza,
kinakosea nyuzi moja, mara chache mbili.

Asubuhi hii juu ni ishirini na nane.
Chini sijashusha chupa,
kwa sababu nimekuta mti mtupu:
dumu limeibwa tena.
Hili la tano. Nilikuwa nimeliandika kwa rangi nyekundu
SI LA URAKA,
na nadhani aliyelichukua anajua kusoma,
maana kamba ameiacha,
ameikunja vizuri kabisa, ameiweka kivulini.

Watoto wanakuja saa nane.
Nakwenda dukani.