Unga wa Baba

Baba yake Halia alitaka uso wa vita.
"Akunje ndita," aliniagiza, "asicheke,
moshi umtoke nyuma, na taa ya buluu
kama wale wa kwenye mabango."
Akanilipa nusu, akaenda kuzoa theluji mlangoni.

Saskachewani, Februari. Ndani ya gereji
nimetundika shuka jeusi juu ya trekta.
Nina taa mbili, moja inashikwa na gundi ya karatasi,
na mtoto wa miaka minane, kipa wa hoki,
mwenye pedi za miguu pana kama milango,
anatembea kama bata aliyeshiba.

Jezi ni ya kijani, namba thelathini na moja.
Watatu wameivaa kabla yake;
kwapa limeshonwa, likafumuka, likashonwa tena
kwa uzi usiofanana.
"Mwakani hatuna timu," akaniambia Halia
kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mkate.
Wamebaki watoto tisa. Uwanja wa barafu unafungwa,
na hao tisa watavaa nyekundu ya mji wa pili,
ule waliofundishwa kuuzomea.

Moshi sikuwa nao. Nikaomba unga.
Akaja Baba na bakuli.
Baba ndilo jina la bibi
katika nyumba zenye asili ya Ukraini,
kwa hiyo hapa kuna baba wawili,
na mwenye amri ni huyu wa kitambaa kichwani.
"Unga ni chakula," akasema. "Theluji iko nje,
tele, bure, kachoteni."
Hata hivyo akanimiminia nusu,
nusu akarudi nayo jikoni.

Nikahesabu, nikarusha.
Unga ukapanda, ukasimama ndani ya mwanga
kwa muda wa kope kugusana,
na Halia, nyuma ya vyuma vya kofia,
akapiga chafya.
Mara ya pili alifumba macho.
Mara ya tatu alikunja ndita kama alivyoagizwa,
nami nikampata: gongo mbele, jicho kali,
wingu jeupe mabegani.
Picha nzuri. Nasema kweli, ni picha nzuri.
Ndiyo iliyokuzwa, ndiyo iko sebuleni.
Ila ukiitazama sana
utamwona anasubiri niseme basi.

Jikoni lenzi ilipofuka kwa mvuke,
nikaifuta kwa pindo la shati.
Halia hakuweza kuketi, pedi zilikataa kukunjika;
hakuweza kushika uma, glavu ni kubwa kuliko sahani;
na kofia hakutaka kuivua.
"Nikiivua, yameisha."
Baba hakubishana. Akaopoa sufuriani
kitu kama sambusa, ila hii huchemshwa,
tumbo limejaa viazi, mgongo unang'aa siagi.
Akaipuliza. Akaikunja mara mbili.
Akaipitisha katikati ya vyuma.

"Goli," akasema Baba.

La pili likaingia. La tatu.
Sijawahi kuona kipa
akifungwa kwa raha namna ile.

Nilibonyeza bila kupima mwanga.
Ukingo una ukungu, sufuria imekatwa nusu,
taa ya dari ni ya njano mbaya.
Unga uko kwenye kope za mtoto
na uko kwenye kifundo cha mkono wa bibi,
mfuko mmoja, safari mbili.

Baba yake alipokuja kumalizia deni
aliishika hii kwenye ncha za vidole.
"Haionekani vizuri," akasema.
Akaiweka chini. Akaiokota tena.
Akauliza kama naweza kuipunguza
itoshe kwenye pochi.

Nikaipunguza. Ni ndogo kama stempu mbili sasa,
lakini Halia amenyanyua mkono kuomba la nne,
na kwapani, ukisogeza jicho,
ule uzi unaonekana.