Mizani

Marehemu baba alinifunza mizani kwa vidole:
nane huku, nane kule, kituo katikati,
na mshororo uliopungua hata silabi moja
aliusukuma kando kama kikombe chenye ufa.
"Guni hili, Mwanakheri. Litie nyama."

Leo mizani yangu inaning'inia kwenye boriti
ya baraza la madrasa, Maweni, saa mbili unusu;
chini yake suruali ya turubai, matundu mawili ya miguu,
na mshale unaotetemeka kabla ya kusema.
Sanduku la chanjo nimelifunika leso mbichi.
Barafu ina saa nne. Nami nina hizo hizo.

Ng'ambo ya ukuta ni Nyali.
Nimefanya kazi huko, miezi saba, kwenye hospitali ya vioo,
ambako mama huulizwa kwanza: kadi au taslimu?
Kutoka hapa hadi pale, kashata moja haijaisha mdomoni.
Lakini daftari langu lina umbali wake:
huku tumezika watatu kwa kuhara tangu mvua za Mei;
kule mvua ile ile ilinywesha maua.

Jumwa amefika na Tsuma, miezi tisa,
mtoto mgongoni, dumu la maji ya kununua mkononi.
Alikuwa haji. Zamani, kliniki ilipokuwa mbali,
nauli ilikuwa ndiyo unga wa jioni.
"Ama nimpime, ama nimlishe," asema,
"na yule karani alivyoniuliza kitambulisho,
ungedhani anafukuza mbuzi."
Bi Zamzam wa mtaani ndiye aliyembembeleza,
mlango kwa mlango, ndara zimekatika.

Tunamtia Tsuma kwenye suruali. Halii.
Hilo ndilo linalonitisha.
Mshale unayumba, unatua: kilo sita na nusu.

Guni.

Baba, hapa pamepungua,
na si Jumwa aliyekosea kutunga.

Nampa pakiti za njugu zilizosagwa, za wiki nzima.
Anazigeuzageuza. "Nitazilipa lini?"
"Hulipi."
"Basi kalipa nani?"
"Wewe. Kila kibiriti ulichonunua,
kila vocha ya shilingi kumi uliyokwangua,
kipande kilikatwa kikaenda zake.
Leo kimerudi. Si sadaka hii, chukua."
Akacheka, kama mtu aliyesikia uongo mtamu.

Nami siwezi kumwapia kwamba ni kweli kila siku.
Kuna wiki jokofu lilikufa, tukamwaga dawa kwenye mchanga.
Kuna mwezi glavu zilikuwa hadithi.
Mshahara ulipochelewa mara ya tatu tukagoma;
nikakaa nyumbani nahesabu vidole,
na kila kidole kilikuwa na jina la mtoto wa Maweni.
Nyali hakuna aliyejua kuwa tumegoma.

Wiki ya nne: kilo saba na kitu.
Bado guni, lakini sasa linasomeka.
Tsuma ananivuta miwani, analia kwa hasira nzuri.

Asubuhi hiyo hiyo akaja yaya mmoja na gari la dereva,
kabeba mtoto mweupe wa shuka na marashi.
Chanjo ya surua imekwisha kule kwenye vioo;
mama mtu amepiga simu mji mzima,
ameambiwa ipo hapa, barazani.
Yaya akasimama mbele, kwa mazoea ya tajiri wake.

"Foleni, dada," nikamwambia. "Nyuma ya Jumwa."

Jumwa akasogea kidogo, akampisha penye kivuli.
Wakaulizana umri wa watoto,
nani keshaota meno, nani halali usiku.

Zamu yake ilipofika, nikamtia mtoto wa Nyali
kwenye suruali ile ile ya turubai,
bado ina joto la Tsuma.
Mshale ukatetemeka vile vile
kabla ya kusema.