Ngeli ya Maua

Mvua ya kwanza Cheyo, na uwanja wa marehemu mama
umeinua vichwa nisivyovijua.
Kimoja chekundu, kimetoka kwenye mchanga mtupu
bila hata jani moja.
Kingine kinatambaa ukuta wa choo,
ukikikata kinachuruzika maziwa.
Kando ya simtanki, kitu cha zambarau
kinachofumba saa nne, jua likishika ukali.

Miaka kumi na tisa nafundisha Kiswahili:
nomino, vivumishi, upatanisho wa kisarufi.
Maua niliyajua kwa neno moja: maua.

Nikachuma vikonyo, nikavifunga kwenye gazeti.
Bwana shamba akanusa, akasema, "Hili haliliwi,"
akanirudishia.
Muuza dawa wa Isevya akasema ni la tumbo.
Mkewe, kutoka ndani: la masikio!
Mwanangu Mihayo akaliita Jekundu, akaenda zake kucheza.

Ndipo nikalikumbuka daftari la mama,
nililolifunga zamani nikidhani ni umbea:

*Nyanzala, wawili. Mvua ikinyesha hutoka bila nguo.*
*Sista wa Kipalapala, akikatwa analia. Aachwe ukutani.*
*Mama Ntakije hapendi jua, wala hapendi kusogezwa.*
*Kalunde, amekufa kiangazi.*

Huyo wa mwisho nilishamwombea dua.
Juzi nikamkuta sokoni anapima karanga,
mzima, mnene, ananilaumu kwa kupotea.
Nikamsomea. Akacheka mpaka kipimo kikamwagika.
"Nilimpa mama yako kijiti cha waridi la njano,
akalikausha! Basi ndiyo kaniua?"

Nikarudi, nikachutama na daftari gotini.
Nyanzala, wawili; sasa ni kumi na mmoja,
wote uchi, mbele ya majirani.
Sista yuko pale pale ukutani.
Mama Ntakije nilimsogeza mwezi wa tano. Nisamehe.

*Amekufa*, kaandika mama, siyo *limekufa*.
Mwanafunzi ningemzungushia wino mwekundu.
Kalamu ninayo. Imelala mfukoni.

Yule wa zambarau hayumo daftarini.
Nimegeuza kurasa zote, hata ile yenye doa la mafuta.
Kesho, kabla hajafumba, nitakata tawi,
nilitie kwenye kopo, nimpelekee Kalunde.
Asipomjua, ampande tu.
Huko kwake atamwita nani,
hilo ni shauri lake.