Akiba ya Mshono

Bujiku alipokiunganisha kishikwambi na kompyuta ya dukani
alijifuta jasho, akasema: Mama Ng'walu,
sasa ukiandika kitu kule visiwani
kitatua hapa Makoroboi chenyewe,
bila mshono.

Nikacheka mpaka pini zikanidondoka mdomoni.
Bila mshono!
Mwanangu, kitu kisicho na mshono
ni kitambaa ambacho bado hakijawa nguo ya mtu.

Lakini alisema kweli.
Nilipima wanakwaya wa Nansio, arobaini na mmoja,
kwenye ukumbi wenye popo darini,
futi shingoni, kidole kwenye kioo:
bega kumi na tano, kifua arobaini,
mkono mpaka kifundoni, haya, mwingine.
Siku ile kisiwa hakikuwa na mtandao.
Namba zikakaa kwangu kama mimba changa
ambayo hata mama mkwe hajaambiwa.

Katikati ya maji, meli ikinguruma,
mkoba ukatetemeka pajani.
Kale kamshale kakaanza kujizungusha,
na kabla sijaona mawe ya Mwanza yalivyobebana
Bujiku alikuwa ameshika mkasi.

Akapiga simu. Mama, kuna moja imegoma.

Nyanjige, sauti ya pili.
Kompyuta inamkumbuka wa Pasaka ya mwaka juzi:
kiuno thelathini na nane.
Kishikwambi kinasema ishirini na tisa.
Na mashine, kwa adabu ya mgeni
asiyejua kilichotokea ndani ya nyumba,
inauliza: nakala ipi ibaki?

Umekosea kubonyeza, akasema. Niifute hiyo ndogo?

Usifute.
Nilikuwepo mimi. Futi ilimzunguka
ikabaki na mkia mrefu mkononi mwangu.
Nikadhani imeteleza, nikapima tena.
Yeye alikuwa akitazama popo.
Andika tu, fundi, akasema. Andika ulichokiona.
Nikaandika.
Sikuandika kwamba kidole gumba kilipita juu ya mbavu
kikawa kinahesabu bila kutumwa.
Hakuna kisanduku cha hilo.

Basi niifute ile kubwa?

Usifute.

Kimya. Injini. Mtu nyuma yangu anamenya chungwa.

Mama, lazima nichague. Haiwezi kuzishika zote mbili.

Kitambaa kinaweza.
Kata kwa thelathini na nane, shona kwa ishirini na tisa.
Hizo inchi tisa zigawe kwenye mishono minne,
mbavuni na mgongoni, zikunje kwa ndani,
usipunguze hata uzi.
Piga hatua ndefu za sindano,
za kufumuliwa kwa wembe bila ugomvi.

Itamjaa, Mama. Itakuwa nzito.

Itakuwa nzito.
Alikuwa analalamika baridi.

Nilipofika dukani giza limeshaingia,
Bujiku ameondoka, kompyuta bado inangoja jibu
na swali lake palepale katikati ya kioo.
Nikaiacha ndogo ibaki, maana ndiyo ya leo.
Kisha nikafungua sehemu ya maelezo,
ambayo hatujawahi kuijaza hata kwa wateja wakorofi,
nikaandika kwa vidole viwili:
ana nafasi ya kurudi.

Papo hapo, ndani ya mkoba, chini ya kanga na tiketi ya meli,
kishikwambi kikatetemeka
kikapokea maneno yangu mwenyewe
kana kwamba yametoka mbali.

Jumatano nguo zilikuwa tayari, zimepangwa kwa majina.
Nikaitoa ya Nyanjige, nikaigeuza ndani nje,
nikapitisha kidole.
Kijana alikuwa amekunja vizuri.
Ule wa tatu tu ulikuwa umepinda kidogo.
Nikaufumua, nikaushona upya.