Kura ya Mdomo

Kura ya meya Kwebeki, haitiwi sandukuni,
Neno halinong'oneki, hutangazwa hadharani;
Theluji haiyeyuki, wino waganda chupani,
Aupuliza karani, akauliza tu: "Nani?"

Fintani ni mume wangu, fundi wa ngozi na buti,
Kodi, na aibu yangu, nusu mwaka bila senti;
Mgombea, ndugu zangu, ndiye Ledu, mwenye hati,
Yuko ubavu wa meza, na manyoya kwenye koti.

Usiku nilimwambia: "Taja Ledu, tukalale."
Kimya, akashindilia, soli ya kiatu kile;
Jicho nikakitupia, ni cha Ledu, kilekile!
Kumbe naye ana deni, la viatu tangu kale.

Zamu yake, kasimama, na mimi nje dirishani,
Ukumbi ukazizima, Ledu avaa miwani;
Fintani akatazama, buti za Ledu, za deni,
"Brosa," akamjibu tu, kwa sauti ya dukani.

Ledu kaupata mji, nasi tukapata njia,
Godoro kwenye theluji, nyundo nimemshikia;
Fintani si msemaji, neno moja katumia,
Na meya akitembea, soli moja inalia.