Chupa Nne za Maji

Barua ya uhamisho ilikuwa na mistari mitatu.
Hospitali ya Amana. Ripoti tarehe mosi.
Haikusema tutalala wapi.

Binamu Hyera alitupa chumba cha mbele kule Buguruni.
Wiki mbili, akasema, halafu akacheka
kama mtu aliyekwisha kuzihesabu.
Nikasukuma vichwa vya cherehani chini ya kitanda,
Skolastika akapandisha kabatini mfuko wake wa maharage ya Mbinga,
na kulipokucha tukamtafuta dalali.

Dalali jina lake Kondo. Viatu vyake vilijua vichochoro vyote.
Kutazama tu, elfu kumi. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo,
na mwezi wa saba ni wake.
Mimi nilikagua dari, bawaba, luku kama ni ya peke yetu.
Mke wangu hakukagua kitu.
Alitoa chupa tupu mkobani,
akaomba maji.

Kigamboni: upepo, vigae vyeupe,
dirisha nililolipenda kabla sijalifungua.
Usiku ule maharage yalichemka tangu magharibi
hadi binamu akauliza kama tunapika kokoto.
Maji ya kisima, yana chumvi, hayaivishi,
akasema Skolastika, akaifuta Kigamboni
kama anavyofuta jina la mgonjwa aliyeruhusiwa.

Kigogo: karibu na kazi, bei ya kuchekesha.
Ukuta umepakwa bluu hadi kiunoni, rangi mbichi bado.
"Urembo," akasema Kondo.
Jirani aliyekuwa akisuka nywele mlangoni
hakufungua mdomo. Aliinua mkono tu,
akaupima ukuta wake mwenyewe, hapa,
kisha akaendelea kusuka.
Maharage ya Kigogo yaliiva vizuri sana.
Tuliyala kimya.

Goba: kilima cha kumfanya Mmatengo avute pumzi ndefu.
Nilisimama pale nikayaona, nasema kweli,
mashimo ya ngoro ya baba yangu
yakiteremka kwenye korongo lisilo na shamba.
Boza la maji huja likipenda.
Zamu ya usiku ikiisha, nani atampandisha Skolastika?
Sikuuliza. Nilitaka sana naye asiulize.
Aliuliza.

Kinyerezi: vyumba viwili, bati linalolia jua likipanda,
mlango unaoburuza sakafu. Bomba kavu.
"Jumanne na Ijumaa," akasema Kondo. Ilikuwa Jumatano.
Nikageuka tuondoke.
Mwanamke wa upande wa pili, Mama Sikujua,
alishamchukulia Skolastika chupa mkononi,
akaizamisha kwenye pipa lake, akaipangusa kwa kanga.
"Ya nini?"
"Ya maharage."
"Chupa moja? Maharage ya ndege?"
Akaburuza dumu zima.

Hakuuliza kabila, wala tumetokea wapi.
Alichouliza ni kama cherehani hupiga kelele usiku.
Nikasema hupiga.
"Na mimi nakoroma. Ukuta mwembamba, mjue mapema."

Nilihesabu noti mara mbili, Kondo mara tatu.
Miezi sita. Sijui kama ulikuwa uamuzi au uchovu;
lile dirisha la Kigamboni bado hunijia
ninapotunga uzi kwenye sindano,
na mlango nimeuranda, lakini bado unaburuza.

Ijumaa bomba lilikohoa, likatapika kutu, likatoa maji.
Skolastika akarudisha dumu likiwa limejaa,
na bakuli juu yake limefunikwa sahani,
maana chombo cha mtu hakirudi kitupu.
Mama Sikujua akaonja pale pale kizingitini.
"Chumvi imezidi," akasema,
akavuta kigoda.